Mwalimu wa Taipu na Kadi ya Pili

Ukimpelekea Mwalimu wa Taipu kompyuta iliyokataa, alikukalisha kwanza. Kiti cha wageni kilikuwa kimoja, cha mbao, mguu wake mmoja mfupi, nawe ulijifunza kukikalia ukiegemea kushoto. Mashine aliiweka mezani ikiwa bado imefungwa, akaanza maswali. Ilikuwa nzima lini mara ya mwisho? Ulikuwa unafanya nini? Nani mwingine ameishika? Watu walikuwa wametoka Awendo, Isebania, Ntimaru, kila mmoja na haraka zake, na wengi walitarajia mtu atakayechomoa bisibisi papo hapo.

"Madam, si uangalie tu?" walimwambia.

"Ninaangalia," alijibu, macho yake yakiwa usoni mwa mwenye mashine.

Nilimjua kwa miaka kumi na mmoja. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sikuwahi kumuuliza, na ningemuuliza angesema jambo hilo halihusiani na tatizo. Jina lake la kazi alilipata katika chuo kidogo cha biashara kilichokuwa juu ya duka la mbolea hapa Migori, enzi ambazo msichana aliyemaliza shule alijifunza kupiga taipu ili apate kazi ya karani. Taipu zikaisha, chuo kikafungwa, jina likabaki. Vijana waliokuja baadaye hawakuwahi kuiona taipu. Mmoja wao alidhani Taipu ni jina la mumewe, akawa anamwita Mama Taipu kwa heshima zote, naye akaitika muhula mzima bila kumsahihisha.

Lakini mikono yake haikusahau. Alikaa mgongo wima, viganja vimeinuka kidogo, vidole kumi vyote vikifanya kazi, na hakutazama vibonye hata mara moja. Mwanafunzi aliyeandika kwa vidole viwili aligongewa rula mezani, karibu kabisa na vidole, akashtuka mpaka vyote kumi vikaamka. Jambo jingine alilolipiga marufuku ni kunakili amri kutoka kwenye mtandao na kuibandika kwenye mashine. Kila amri uliiandika mwenyewe, herufi baada ya herufi.

"Ukiibandika imekupita tu," alisema. "Ukiiandika imepitia kwako. Hata kama ni ya kijinga, utaona ujinga wake ukifika katikati."

Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta usiouzwa, aliuingia kwa hasira. Wakati ule alikuwa na kompyuta sita kuukuu katika chumba alichokodisha nyuma ya duka la vitambaa, na virusi vilikuwa vikiingia kila siku kupitia flashi za wanafunzi. Wiki moja kabla ya mtihani wa vitendo, kazi ya darasa zima ikafutika. Wasichana walilia. Yeye hakulia. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa amempa diski ya mfumo ule miezi kadhaa nyuma, akaitupa kwenye droo. Aliitoa, akafunga mlango likizo nzima ya Agosti, na shule zilipofunguliwa, mashine zote sita zilikuwa na sura mpya na mwenye mashine alikuwa amepungua kilo.

"Mfumo huu ukikukataa unakwambia kwa nini," aliniambia. "Ni wewe tu hutaki kusoma."

Na yeye alisoma. Wengine tukiona maandishi meupe yakishuka kwenye skrini nyeusi tunafumba macho tukisubiri yapite. Yeye aliyasoma kwa sauti, kidole kikiteremka mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma barua ya jamaa aliyeko mbali. Akikuta jambo, alilinakili kwa kalamu kwenye daftari lake kubwa la jalada gumu, kwa mchanganyiko wa Kiingereza, Kiswahili na Dholuo, chini ya jina la ugonjwa. Daftari hilo hakumwazima mtu. Ulikuja, ukaketi, ukasomewa.

Mimi ni mpima ardhi. Nilimwendea mara ya kwanza kwa sababu ya printa, nikaendelea kumwendea kwa sababu ya kila kitu. Ila nikitaka kueleza alikuwa mtu wa aina gani, huwa nasimulia habari ya Mto Kuja.

Anayejua upande ule wa chini, karibu na ziwa, anajua Kuja haungoji mvua ya kwetu. Mvua inanyesha juu Kisii, hapa jua linawaka, na siku chache baadaye mto unatoka kitandani mwake. Kikundi cha wakazi kilikuwa kimeniomba niwachoree ramani ya miinuko ya ardhi yao, nyumba kwa nyumba, ili ijulikane zipi zihame kabla ya masika. Nilikuwa nimerusha droni na kupiga maelfu ya picha. Zilibaki kuunganishwa ziwe ramani, na kazi hiyo niliiachia laptopu yangu, yenye kadi mbili za grafiksi, yaani za kuchakata picha: ndogo ya kazi za kila siku, na kubwa inayojitegemea, ile ya kazi nzito. Kwa kadi kubwa, ni saa chache. Bila hiyo, ni siku nne au tano, ikiwa mashine haitazimika njiani.

Mkutano wa wakazi na chifu ulikuwa Alhamisi. Jumanne asubuhi nikawasha programu, ikaniambia haioni kadi yoyote kubwa. Jirani yangu alikuwa amepigiwa simu kutoka juu: imenyesha usiku kucha.

Nilifanya alichokataza. Nilifungua mtandao kwenye simu, nikapata maelekezo ya kwanza, nikabandika. Hayakusaidia. Nikabandika ya pili, yaliyopingana na ya kwanza. Nikabandika ya tatu. Mashine ikawaka ikiwa na skrini nyeusi na kistari kimoja kinachopepesa. Nikaifunga, nikaenda kwake jasho likinitoka.

"Bed piny," alisema. Nikaketi, nikiegemea kushoto.

"Mwalimu, ni apdeti. Nilisasisha mfumo jana jioni, leo kadi imepotea. Tafadhali, watu wako kule chini na maji yanakuja."

"Maji yanakuja. Nimesikia. Kadi ilifanya kazi lini mara ya mwisho?"

"Jana."

"Jana ulitumia hiyo kadi kubwa?"

Nilifikiri. "La. Jana nilikuwa naandika ripoti."

"Juzi?"

"Juzi Jumapili. Sikuiwasha."

"Kwa hivyo hujui kama jana ilikuwa nzima. Lini ulitumia kadi kubwa yenyewe?"

"Ijumaa."

"Sawa. Kati ya Ijumaa na leo, kumetokea nini?"

"Hakuna. Ni apdeti tu."

"Hakuna haipo, nyathina," alisema. Nyathina maana yake ni mwanangu, na aliliita hivyo hata zee la miaka sabini likileta mashine mbovu. "Fikiria."

Nilitaka kumpigia kelele. Halafu nikakumbuka. "Jumamosi nilibadilishiwa betri Homa Bay. Lakini hiyo ni betri tu, Mwalimu. Haina uhusiano."

Aliandika neno *betri* kwenye karatasi, akalipigia mstari, kisha kwa mara ya kwanza akafunua mashine.

Ilimchukua muda kufika mahali palipoandikika, kwa sababu ya takataka nilizobandika. Aliniagiza nitaje kila kitu nilichoingiza, kwa mpangilio, naye akakitoa kwa mpangilio wa kinyume, cha mwisho kwanza. Sikukemewa. Hilo lilinitisha kuliko rula. Mashine iliposafika, aliita majina: kuna amri inayoitaka kompyuta itaje kila kifaa kilichomo ndani yake, nayo Mwalimu aliiita rejista ya asubuhi. Orodha ikatoka. Kidole chake kikashuka, kikasimama.

"Kadi iko. Imeitika. Haijafa."

"Basi kwa nini programu haiioni?"

"Iko darasani lakini hakuna anayeifundisha. Draiva haijaingia." Aliandika kwa mkono amri ya kuiingiza draiva, yaani ile programu inayozungumza na kadi kwa niaba ya mfumo. Mashine ikajibu mstari mmoja wa Kiingereza. Aliusoma kwa sauti, kisha akautafsiri taratibu: "Ufunguo umekataliwa."

Akaegemea kiti chake. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeitwa jina lake sokoni.

"Umeona? Mlango haujavunjika. Ni ufunguo. Kuna kufuli ndani ya mashine yako linalokagua kila kitu kinachowaka pamoja nayo, na kisichokuwa na sahihi linakirudisha nje. Kufuli hilo ulikuwa umelizima?"

"Mwenye kuniuzia alilizima. Zamani."

"Na Jumamosi fundi akatoa betri, mashine ikasahau ilichoambiwa, ikarudi ilivyotoka kiwandani. Kufuli likajiwasha. Wewe hukujua kwa sababu hukuiita kadi mpaka leo. Apdeti imesingiziwa bure."

Nilimwambia basi alizime tena upesi, tuende. Alikataa. Alisema hazimi kufuli kwa sababu ya kukosa ufunguo, anachonga ufunguo. Basi akachonga: akaitilia draiva sahihi kwa ufunguo huo, akaiambia mashine iwake upya ili iutambue. Ikatokea skrini ya buluu inayongoja sekunde kumi tu kabla ya kuondoka. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika. Mfumo ulipoamka, aliingiza draiva tena, na safari hii mashine haikusema kitu. Kwenye Linux, kunyamaza ndiko kukubali. Programu yangu ikaiona kadi.

Nilisimama nikataka kumkumbatia. Hapo stima ikapotea mji mzima.

Kadi kubwa haifanyi kazi ya maana kwa betri. Mwalimu wa Taipu aliifunga mashine, akaibeba mwenyewe, kwa kuwa hakuniamini kubeba, akazunguka hadi duka la vitambaa mbele. Mwenye duka, mfanyabiashara Mwislamu aliyehamia kutoka Pwani, alikuwa na jenereta. Kiswahili chake kilikuwa kizuri hata tukaona haya kujibu.

"Karibuni, Mwalimu. Leo umekuja na mgonjwa mikononi?"

"Amepona. Anataka tu kula. Nipe waya mmoja mpaka jioni."

"Hata mpaka kesho, Mwalimu. Ila mumtoe juani, mgonjwa hawekwi penye joto." Akaondoa mabunda ya khanga kwenye meza ya kukatia, akatuwekea feni yake mwenyewe, yeye akabaki akijipepea kwa daftari la risiti. Wateja waliingia na kutoka, wakiuliza sinema gani inaonyeshwa. Kabla ya adhana ya alasiri kusikika, ramani ilikuwa imekamilika.

Alhamisi Mwalimu alikuja nami mkutanoni. Nadhani alikuja kuilinda laptopu. Chifu alizitaja nyumba za kuhama moja baada ya nyingine, na wenye nyumba walikubali, isipokuwa mzee mmoja wa boma la mwisho kabisa.

"Mimi nimeyaona maji ya Kuja kabla mama yako hajaolewa," aliniambia. "Hiyo picha yako imeyaona lini?"

Watu walicheka, nami nikaanza kumweleza habari za mita na miinuko, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuikita fimbo yake chini. Mwalimu wa Taipu akanishika mkono ninyamaze. Alisogea akaketi karibu na yule mzee.

"Jaduong', nisaidie," alimwambia, kwa lile jina la kumheshimu mkubwa. "Mwaka ule wa maji makubwa kabisa, yalifika wapi?"

"Yalifika kwenye jiwe lile la kusagia la marehemu mama. Lipo mpaka leo. Lililowa lote."

"Na nyumba yako wakati huo ilikuwa wapi?"

"Upande wa juu wa jiwe. Pale kwenye mkonge."

"Hii ya sasa uliijenga lini?"

"Baada ya hapo. Mto ulipotulia."

Mwalimu aligeuka kwangu. "Tafuta jiwe." Nililipata kwenye picha, doa dogo la kijivu, nikasoma urefu wake, kisha nikasoma urefu wa mlango wa nyumba yake. Sikuhitaji kusema kipi kiko juu. Mzee alikuwa ameshaanza kutazama kule, jiwe na nyumba, nyumba na jiwe, na midomo yake ikisogea.

"Nilijenga chini ya maji," alisema mwishowe.

Alihama siku iyo hiyo, akiwa wa kwanza, na jirani zake waliokubali kwa mdomo tu huku wakimngoja yeye wakamfuata. Mto ulikuja Jumamosi mchana kweupe. Ulichukua nyumba saba, ghala mbili na mbuzi waliosahaulika. Mtu haukuchukua. Ila nyumba moja niliyoiweka upande salama iliingia maji mpaka magotini, na mama mwenye nyumba alikaa juu ya meza na wajukuu wawili hadi mtumbwi ukawafikia. Nilipomsimulia Mwalimu wa Taipu haya, nilianza na sifa, naye akanikatiza: hiyo moja ilikuwaje? Tukatafuta siku mbili. Kulikuwa na miwa mirefu pale, droni ikapima kichwa cha muwa ikadhani ni ardhi. Alinifanya nirudi kwa yule mama nikamweleza kwa mdomo wangu. Nilienda. Mama alinisikiliza, akanipa uji, akaniambia nikija tena nije na ngazi.

Nilijua kwa nini Mwalimu ananituma. Yeye mwenyewe alikuwa amekosea, tena vibaya zaidi.

Kulikuwa na mpiga picha wa kisiwa cha Remba, kule watu walikobanana na mabati na omena, wale dagaa wa ziwani, aliyerekodi harusi na matanga ya visiwa vyote vya jirani. Laptopu yake ilikuwa na kadi kubwa kama yangu, na siku moja kadi ikaacha kuitika. Mwalimu wa Taipu aliita majina, kadi haikutajwa, akarudia, haikutajwa. Akamwambia imekufa. Mpiga picha aliiuza mashine kama vipuri, akakosa msimu mzima wa harusi. Mwaka mmoja baadaye ikaletwa nyingine ya aina ileile kabisa, na kadi nayo haiitiki. Safari hii, kwa bahati tu, mwenye mashine hiyo alikuwa amechomoa betri, akaiacha mezani siku mbili. Mwalimu alipoirudisha na kuwasha, kadi ikaitika kama iliyotoka likizo. Haikuwa imekufa. Ilikuwa imelala usingizi mzito, haiamki mpaka umeme wote utoke mwilini.

Alifunga chumba, akapanda boti kwenda Remba. Kisa hiki nilisimuliwa na mpiga picha mwenyewe. Anasema alimwona akishuka, amelowa, ametapika njia nzima, mkoba umefungwa kwa mfuko wa plastiki. Alisimama mbele ya wateja akasema, "Nilikwambia kadi yako imekufa. Sina hakika tena. Huenda ilikuwa imelala, na mimi sikujua kuiamsha."

"Hungepiga simu, Mwalimu?"

"Ningepiga simu ungesema ni sawa."

Na haikuwa sawa. Hasira ilimpanda mpiga picha, akamwambia maneno ambayo aliona haya kunirudia. Ukweli huo autumie wapi sasa? Mashine imeshakatwakatwa. Mwalimu aliketi kwenye kreti ya soda, akayasikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akafungua ule mfuko wa plastiki, akatoa laptopu moja kati ya zile za darasani kwake, iliyo bora kuliko zote, akaiweka kwenye meza yake ya kazi. Haikuwa na kadi kubwa. Alimwonyesha jinsi ya kukata na kuunganisha video kwa subira, vipande vidogo vidogo, ili kadi ndogo imudu. Alilala kisiwani kwa mke wa mpiga picha, na kesho yake akarudi na gunia dogo la omena ambalo, kwa mujibu wa mke yule, alilikataa mara tatu.

Sitaki mdhani alikuwa malaika. Subira yote aliyokuwa nayo aliimalizia kwenye mashine, binadamu tukabakiziwa makombo. Alimfukuza mwanafunzi darasani kwa kutafuna chingamu. Alinikatiza katikati ya habari za talaka yangu kuniuliza kama nimehifadhi nakala za kazi zangu mahali pawili. Alidharau simu kubwa, akabeba kabambe yake, ile simu ndogo ya vibonye, hadi mwisho, kisha akakasirika kwamba hatukumtumia picha za sherehe. Ukimshukuru alikuondolea mbali kwa mkono, lakini nilimkamata zaidi ya mara moja amesimama nyuma ya mlango akisikiliza watu wakimsifu, kichwa kimeinama upande, hataki kukosa neno. Mchungaji wake alileta laptopu akapendekeza waanze kwa maombi. "Tumwombee mwenye mashine," Mwalimu alisema. "Hii haijatenda dhambi." Na Jumapili ile alikaa benchi la mbele kama kawaida.

Wanafunzi kutoka Kegonga na Ntimaru, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha shuleni tu, aliwasalimu kwa Kikuria kilichovunjika vibaya. Walikufa kwa kicheko. Alikuwa akikivunja kwa makusudi, nilikuja kugundua. Alikijua vizuri tu. Mtoto aliyekwisha kumcheka mwalimu, aliniambia, haogopi tena kukosea mbele yake.

Kisha, mwaka wake wa mwisho, nilimkuta Homa Bay. Nilikuwa nimekwenda kumwona binamu yangu aliyejifungua, nikakosea njia ndani ya hospitali, nikajikuta kwenye chumba cha watu wanaosafishwa damu. Alikuwa kitanda cha pili kutoka dirishani. Amekonda, mkono wa kushoto umefungwa mirija, mashine kando yake ikizungusha damu yake polepole. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Kila Jumatatu na Alhamisi alisafiri kutoka Migori, na sisi sote tuliokuta mlango umefungwa tulidhani ameanza kuwa mvivu.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Ni figo. Leta kiti."

Nilileta. Nikamwuliza kama inauma.

"Sindano inauma. Mengine yanachosha tu. Siku ya kwanza nililia. Niliwauliza maswali mpaka nesi akaniambia, Mama, leo wewe pumzika, mashine hii ni yangu. Nikalia zaidi."

"Ungeniambia, Mwalimu."

"Ungenijia na sura hiyo." Kisha, bila kunitazama: "Ninaogopa, nyathina. Asubuhi za kuja huku ninaogopa sana. Nikishafika ninakuwa sawa."

Miaka kumi na mmoja, sikuwahi kumsikia akisema neno kama hilo. Nilimwambia nitakuwa ninamsindikiza. Nilitegemea aniondolee mbali kwa mkono, kama kawaida yake.

"Alhamisi," alisema. "Jumatatu una kazi. Njoo Alhamisi."

Aliniambia siku zilizobaki za wiki bado anafundisha, na kwamba amewapata wasichana wanne wapya, mmoja wao mkaidi sana, atakuwa fundi mzuri. Tukakaa. Nesi alikuja, akachomoa, akafunga bandeji, akamwambia asiuinue mkono ule kwa saa kadhaa. Mwalimu wa Taipu aliketi ukingoni mwa kitanda, akachukua kitambaa chake cha kichwa kwa mkono wa kulia, akajaribu kukifunga kwa mkono mmoja. Kikateleza. Akajaribu tena, kikateleza. Vile vidole havikujua kufanya kazi vitano vitano.

Akaninyooshea kitambaa.

Nilisimama nyuma yake. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, laini, chache kuliko nilivyodhani. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Nilizungusha kitambaa, nikakaza, nikapachika ncha ndani.

"Kaza kidogo," alisema. "Kuna upepo wa ziwa huko nje."

Nikakaza. Aliteremka kitandani, akatafuta viatu vyake kwa miguu, akanishika mkono tukatoka.